Diwani ya Watunzi Tisa: Tuliyoyapitia Mombasa Kabla na Baada ya Uzinduzi

Yeyote anayekusudia kukusanya mashairi ya watunzi wa Mombasa, kuyatia kitabuni na kukizindua kitabu hicho mbele ya watu wa mji, na ajue tangu mapema kwamba kutunga ndiyo kazi nyepesi kuliko zote. Mimi ni karani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini na hutunga mashairi jioni nikishamaliza shughuli za nyumbani. Wenzangu waliniteua kuwa msimamizi wa diwani yetu kwa hoja moja tu: nilikuwa na kompyuta, nao waliamini kwamba mtu aliyezoea makaratasi ya forodha hawezi kushindwa na makaratasi ya mashairi. Kazi tuliyodhani itatuchukua miezi michache ilikula karibu miaka miwili, na gharama yake ikapita shilingi laki mbili. Najua kuna vikundi vingine Kisauni, Likoni na Kilifi ambavyo vina nia hiyohiyo, na ni kwa ajili yao naandika haya, bila kuficha hesabu za fedha wala manung'uniko.

Mombasa haimpokei mtunzi mpya kirahisi. Hapa ndipo alipoishi Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840 baada ya kutunga mashairi ya siasa na vita katika zama za utawala wa Wamazrui, pamoja na mengi ya mapenzi na ya shida za watu wa kawaida. Hakuona hata shairi lake moja likipigwa chapa. Mashairi hayo yalikaa vinywani mwa watu mpaka Mwalimu Sikujua alipoyakusanya na kumsaidia Taylor, mmisionari Mwingereza, kuyaweka kwenye maandishi, na kitabu chenyewe kikatoka mwaka 1940 kwa uhariri wa William Hichens, miaka 100 baada ya mwenyewe kuzikwa. Katika karne hiyohiyo ya 20, Ahmad Nassir Juma Bhalo alitoa Malenga wa Mvita mwaka 1971, na Abdilatif Abdalla akatoa Sauti ya Dhiki mwaka 1973, mashairi aliyoyatunga gerezani baada ya kufungwa mwaka 1969 kwa sababu ya waraka uliouliza Kenya inaelekea wapi. Mtu wa Mombasa ambaye hajawahi kununua diwani yoyote huenda akawa amehifadhi beti kadhaa za hao watatu, na humpima kila mtunzi kwa beti hizo.

Nasema hivi kwa sababu ndilo jambo ambalo wengi wetu, hasa vijana, huliona kuwa ni pingamizi, ilhali ndilo lililotuokoa. Hadhira ya mashairi mjini hapa ni hadhira ya masikio. Watu husikiliza kwanza, wakapima, wakabishana, kisha ndipo wengine wao hutaka kitabu. Mpango wowote unaoanza na kitabu na kuishia kwenye usomaji unakwenda kinyume na mazoea ya mji, na gharama ya kwenda kinyume nayo hulipwa kwa maboksi ya vitabu yanayojaa chini ya kitanda.

Kabla ya kuchapa chochote, basi, tulikubaliana kwamba kila shairi lipite barazani. Tulimwendea ustadh mmoja, mwalimu mstaafu anayekaa Kibokoni, ambaye baada ya swala ya Alasiri huketi nje ya nyumba yake na wazee wenziwe wakinywa kahawa chungu. Alitukubalia kwa sharti kwamba tusome kwa sauti na tusimpe karatasi yoyote. Siku ya kwanza mwenzetu mmoja, kijana anayefanya kazi ya kuendesha tuktuk, alisoma shairi lake la bandari. Alipofika kwenye mshororo uliosema "Bandari haina lindo, kwa anojua maji", mzee aliinua mkono.

"Hebu rudia hapo, mwanangu."

Kijana akarudia. Mzee alikuwa akihesabu mizani, yaani silabi, za ukwapi na utao, nusu mbili za mshororo, kwa pingili za vidole, gumba likipanda na kushuka. "Ukwapi ni nane. Utao umekuja saba. Hiyo moja umemwachia nani?"

Wazee walicheka, lakini hapakuwa na kejeli ndani ya kicheko chao, na mmoja wao akapendekeza papo hapo "kwa mwenye kujua maji", ambayo inatimiza mizani 8 na kuufikisha mshororo kwenye 16. Kijana aliliandika kwenye kiganja. Baada ya hapo tulirudi barazani kila wiki kwa miezi kadhaa, na karibu robo ya mashairi tuliyokuwa tumeyahesabu kuwa yamekamilika yalirekebishwa au yakaondolewa kabisa. Mhariri wa kulipwa angetutoza pesa nyingi kwa kazi hiyo. Wazee wale walitaka kahawa, kaimati na heshima ya kusikilizwa.

Ni kweli kwamba si kila mtunzi anafuata mizani na vina, wala sidhani kwamba lazima afuate. Mjadala wa mashairi huru na mashairi ya kimapokeo umekuwapo tangu miaka ya 1970, na katika kundi letu wawili hawakufuata arudhi hata kidogo. Wazee waliwasikiliza kwa adabu na mmoja wao akasema kwamba maneno ni mazuri ila yeye angeyaita nathari. Mashairi yale yaliingia kitabuni yalivyo. Ushauri wangu kwa watunzi wa mashairi huru ni kwamba wasiyakwepe mabaraza kwa kuogopa neno kama hilo, kwa sababu mzee yuleyule aliyekataa kuliita shairi ndiye aliyeonyesha mahali ambapo pumzi ya msomaji ingekatika.

Sehemu iliyotuchosha kuliko zote ilikuwa ya haki na makubaliano, na hapa nitakaa kidogo kwa kuwa sijaona mtu akiieleza wazi.

Mashairi ya Mombasa hayakai mahali pamoja. Mtu hutunga kwa ajili ya harusi ya mpwawe, mwimbaji wa taarabu akaliomba, likaimbwa, likarekodiwa, na baada ya miaka mitano kila mtu mjini anaamini kwamba ni la mwimbaji. Mtunzi mmoja wetu alileta shairi la namna hiyo, na habari zilipomfikia mwimbaji akapiga simu kwa hasira, akidai kwamba tunamwibia wimbo. Tulichojifunza ni kwamba, kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, maneno hubaki kuwa mali ya aliyeyatunga isipokuwa ameyahamisha kwa maandishi, na kupewa shairi kwa mdomo sebuleni si uhamisho. Hata hivyo, kuwa na haki hakukutosha. Tulimwendea bi yule nyumbani kwake, tukakaa, tukanywa chai, na tukakubaliana kwamba chini ya shairi tutaandika kwamba yeye ndiye aliyelitia sauti. Siku ya uzinduzi alikuja na jamaa zake, na wote wakanunua.

Shauri la pili halikuishia vizuri hivyo. Kijana mmoja alituletea daftari la marehemu babake, mashairi mazuri mno, mengine yakizidi yetu kwa mbali. Tulikuwa tumeshayapiga taipu tulipotambua kwamba haki ya mtunzi huendelea kwa miaka 50 baada ya kifo chake, na kwamba haki hiyo ni ya warithi wote, si ya yule aliyeshika daftari. Ndugu wa kijana walikuwa wengi, wawili wakiwa ng'ambo, na mmoja wao hakutaka jina la baba lionekane karibu na majina ya watu asiowajua. Ilitulazimu kuyaondoa. Ikiwa una daftari la marehemu, anza na warithi, tena kwa maandishi, kabla hujagusa hata ubeti mmoja. Kwa Muyaka hutahitaji ruhusa ya mtu.

Palikuwa pia na suala la majina. Bi mmoja wa Mji wa Kale, ambaye ametunga nyimbo za harusi zisizo na idadi, alikubali mashairi yake yatoke kwa sharti kwamba jina lake lisijulikane. Lakabu si jambo geni kwetu, na sheria haimnyimi haki anayeitumia. Lakini makubaliano lazima yatiwe saini kwa jina la kweli na yahifadhiwe na mtu mmoja anayeaminika, kwani pesa zikija zitakwenda kwa mtu mwenye kitambulisho. Siku ya uzinduzi mghani alipolighani shairi lake, wanawake waliokaa nyuma walianza kuulizana kwa minong'ono ni nani huyu aliyetunga, na yeye mwenyewe akauliza kwa sauti kuliko wote.

Tuliandika fomu ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili: mtunzi anatoa ruhusa ya mashairi haya kwa kitabu hiki tu, haki inabaki kwake, mchango wake wa fedha ni kiasi hiki, na mapato yatagawanywa hivi baada ya gharama kurudi. Baadhi ya wenzetu waliona fomu kuwa ni dalili ya kutoaminiana. Mmoja alisema, "Dada, sisi ni watu wa baraza moja, karatasi za nini?" Alitia saini mwishoni, lakini shingo upande, na ni yeye aliyekuja kuitafuta fomu ile wa kwanza wakati wa kugawana ulipofika. Waliotaka uhakika zaidi walisajili kazi zao katika Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Usajili huo si wa lazima, maana haki huzaliwa pale kazi inapoandikwa, ila cheti chake husaidia mabishano yakizuka.

Kuhusu wachapishaji nitapita haraka. Wale wa Nairobi tuliowaandikia walijibu kwa upole kwamba diwani isiyolengwa shule haiwezi kuwalipia gharama, na kwa kuwa biashara yao inategemea vitabu vya mtaala, siwalaumu. Mtu mwingine aliyejiita mchapishaji alitaka tumlipe shilingi 180,000 ili "atutangaze", lakini kila tulipomuuliza atachapa nakala ngapi na zitakuwa mali ya nani, alibadilisha mazungumzo. Mtu asiyeweza kutaja idadi ya nakala hastahili kupewa hata kianzio. Ningependa pia tungalifahamu mapema zaidi kwamba Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 na baadaye ikaitwa Safal-Cornell, hupokea miswada ambayo haijachapishwa. Mwenye mswada wake binafsi wa mashairi au riwaya anaweza kuujaribu huko kabla ya kubeba mzigo wa kuchapa.

Tukaamua kuchapa wenyewe. Nambari ya ISBN hutolewa na Huduma ya Maktaba za Taifa, nayo ina tarakimu 13 ambazo kwa vitabu vya Kenya huanza na 978 kisha 9966 au 9914. Mpiga chapa wetu alijitolea kutuombea, na ilikuwa nusura tukubali, mpaka rafiki mmoja wa maktaba alipotukumbusha kwamba nambari huandikishwa kwa jina la mwombaji, kwa hiyo mpiga chapa ndiye angekuwa mchapishaji wetu mbele ya kumbukumbu za nchi. Tuliomba kwa jina la kikundi. Kumbuka pia kutenga nakala za amana zinazodaiwa na sheria, usizihesabu miongoni mwa za kuuza.

Kisha ikaja kazi ya kupanga kurasa, na hapo ndipo nilipotokwa na machozi. Kijana aliyepanga alikuwa hodari wa mabango ya harusi na ya kampeni, lakini hakuwahi kupanga shairi. Aliongeza ukubwa wa herufi ili kitabu kionekane kinene, na mshororo wetu wa bandari, uliopiganiwa kwa pingili za vidole, ukatoka "Bandari haina lindo, kwa mwenye kujua", na neno "maji" likaangukia mstari wa chini peke yake. Kwa kuwa kila mshororo mrefu ulivunjika namna hiyo, ubeti wa mishororo minne ulionekana una minane, na vina vya mwisho vikawa havionekani tena vilipo. Programu yake nayo ilikuwa ikisahihisha maneno kwa Kiingereza, hata "hata" likageuka kuwa neno lenye maana ya chuki katika zaidi ya mahali pamoja. Vibainishi vya mwanzo wa neno, ambavyo watunzi wa Kimvita, lahaja ya Mombasa, huvitumia sana ili kubana mizani, vyote vilielekea upande usio wake.

Msahihishaji tuliyemlipa alizidisha kidonda. Alikuwa mwalimu mwangalifu wa Kiswahili sanifu, na kwa uangalifu huo alibadilisha kila "ndia" kuwa "njia". Katika shairi moja neno hilo lilikuwa limewekwa makusudi lifuatane na "rudia" na "saidia", hivyo kina kizima kikaharibika. Nilipomweleza alisema kwamba lugha ya vitabu ni sanifu. Wazee wa Mombasa bado huuzungumzia mkutano wa mwaka 1928, uliofanyika katika mji huuhuu, ambapo Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa sanifu, na huuzungumzia kana kwamba ulikuwa wiki iliyopita. Sikutaka kuufufua ugomvi huo kwenye nakala ya kukagua. Tulimlipa, tukamshukuru, na tukarudisha maneno ya watu mahali pake kwa mkono, shairi baada ya shairi. Anayechapa mashairi ya lahaja na ampe msahihishaji maelekezo ya maandishi kabla kazi haijaanza, akimtajia maneno yasiyoguswa.

Nakala ya kukagua na isomwe kwa sauti, na watu wawili, mmoja akiwa na mswada na mwingine akiwa na nakala. Jicho peke yake husamehe makosa. Na kabla ya kupatana bei, uliza kurasa zinakunjwa kwa mafungu ya ngapi. Vitabu vingi hukunjwa kwa mafungu ya kurasa 16, kwa hiyo diwani ya kurasa 115 hukulipisha karatasi tupu mwishoni. Tuliondoa shukrani mbili na picha moja ili kufika kurasa 112. (Mwenye picha alikasirika.)

Hesabu yenyewe ilikuwa hivi. Nakala 500 kwa shilingi 260 kila moja zilitugharimu 130,000, kupanga kurasa 15,000, jalada 8,000, na uzinduzi wote, yaani ukumbi, vipaza sauti, chakula na bahashishi za waghani, kama 50,000. Kila mtunzi alichanga 15,000, jambo ambalo lilimwia zito yule wa tuktuk hadi tukamruhusu alipe kidogo kidogo. Pengo la shilingi 68,000 lilizibwa kwa mkopo wa chama changu cha akina mama, ambao hawakuwa na hamu yoyote ya ushairi ila walikuwa na hamu ya kurudishiwa pesa kwa wakati. Lau tungechapa nakala 200 kwanza, kila nakala ingekuwa ghali zaidi lakini deni lingekuwa jepesi, na leo ndivyo ninavyomshauri mtu yeyote.

Siku ya uzinduzi ni jambo linalotaka elimu ya mji. Ijumaa haifai kwa sababu zinazojulikana. Jumamosi za msimu wa harusi humnyang'anya mtu hadhira yote, hasa ya wanawake. Tulichagua Jumapili, kati ya Alasiri na Magharibi, katika ukumbi wa shule moja karibu na Makadara, ili watu wa Likoni wapate kivuko cha kurudi kabla foleni haijajaa na wa Kisauni wavuke daraja kukiwa bado na mwanga. Wapo waliopendekeza Fort Jesus, na kwa kweli ngome hiyo ya mwishoni mwa karne ya 16 hupendeza kwenye picha, lakini iko chini ya Makumbusho ya Taifa, maombi yake yanataka muda, na sisi tulikuwa tumechelewa.

Kosa linalofanywa na karibu kila kikundi mjini ni la mgeni rasmi. Tuliambiwa na kila mtu kwamba uzinduzi bila mwanasiasa ni kujinyima pesa, kwa kuwa desturi ni mgeni kununua nakala ya kwanza kwa bei ya juu na kuahidi nyingine nyingi. Mheshimiwa wetu alifika saa moja baada ya wakati, wasaidizi wake wakachukua viti vya mbele vilivyokuwa vimetengewa wazee, akazungumza juu ya barabara na maji, akaahidi kununua nakala 100 kwa ajili ya shule, kisha akaondoka kabla ya shairi la kwanza. Nakala 100 hizo zilitengwa pembeni na kufungwa kwa kamba. Ofisi yake iliendelea kutuambia kwamba hundi iko njiani mpaka tukachoka kuuliza na kuzifungua. Mtu akiahidi jukwaani, na alipe jukwaani, hata kama ni kwa simu. Nambari ya tili, ya kupokea malipo ya simu, iandikwe kwa herufi kubwa ukutani, ionekane hata na mtu wa safu ya mwisho.

Muda alioutumia mheshimiwa ulitoka kwenye muda wa mashairi, na Magharibi haingojei mtu. Tulilazimika kufuta hotuba tatu, zikiwamo shukrani zangu mwenyewe na maelezo marefu ya jinsi kitabu kilivyoandaliwa, na kubakisha waghani pekee. Ilikuwa bahati iliyojificha. Mghani mmoja mwenye sauti ya kukwaruza kidogo alilighani shairi la bandari kwa mahadhi ya zamani, na alipofika kituo cha ubeti wa pili watu walikuwa wameshakishika, wakamwitikia. Alipomaliza, mzee mmoja asiyejulikana na yeyote kati yetu alisimama akajibu kwa ubeti wake mwenyewe, wa hapo kwa papo, akimkosoa mtunzi kwamba bandari ina lindo ila walinzi wamelala. Ukumbi ulilipuka. Kijana wa tuktuk, ambaye hajawahi kusimama mbele ya watu, alipanda akajibu. Hayakuwamo katika ratiba, na nakala nyingi zilizouzwa siku ile ziliuzwa katika nusu saa iliyofuata majibizano hayo. Tuliuza kama nakala 90 kwa shilingi 500, na sina shaka kwamba kama tungetumia dakika zile kusoma dibaji, tungeuza kwa jamaa zetu tu.

Jambo jingine nililoliona ukumbini ni kwamba Mombasa ina jumuiya mbili za waandishi ambazo hazijuani. Kuna vijana wanaokutana katika mikahawa ya Nyali na Tudor kusoma kazi zao kwa Kiingereza na Sheng', ambao mfano wao ni Khadija Abdalla Bajaber, binti wa mji huu aliyeshinda tuzo ya riwaya ya Graywolf mwaka 2018 na kitabu chake kikatoka Marekani mwaka 2021. Na kuna watu wa mabaraza, ambao hawamjui hata mmoja wa vijana hao. Tuliwaalika vijana wanne wasome, na nilihofu kwamba wazee wangeondoka. Hawakuondoka. Binti mmoja alisoma kwa Kiingereza kipande kuhusu bibi yake na kisima cha nyumbani, kisha akakieleza kwa Kiswahili cha Mombasa kilichonyooka, na ustadh wetu akamwambia mbele ya watu, "Hayo uliyoyasema mara ya pili, nenda kayaandike." Alikuja barazani wiki iliyofuata na daftari. Ningekuwa na uwezo, kila hafla mjini ingekuwa na watu wa pande zote mbili jukwaani, lakini si kwa zamu ndefu: mtunzi mmoja, shairi moja, anayefuata.

Mauzo baada ya siku ile yamekuwa ya polepole. Maduka ya vitabu hupokea diwani kwa mali kauli, hukata theluthi ya bei au zaidi, na hulipa wakikumbuka. Tulichokiona kinafanya kazi ni sauti. Tuliwarekodi waghani kwa simu, shairi moja moja, tukazituma katika makundi ya WhatsApp ya familia, misikiti na waliosoma pamoja, na nambari ya kuagiza ikaandikwa chini yake. Kila rekodi inapozunguka, maagizo huja, mengine kutoka Muscat na London kwa watu waliohama Mombasa zamani, ingawa gharama ya posta huwakatisha tamaa wengi wao. Kituo kimoja cha redio kilitupa dakika kumi asubuhi, na mtangazaji alikuwa na busara ya kutuacha tughani badala ya kutuhoji. Mkopo wa chama ulimalizika kulipwa mwaka uliofuata. Mgawo wa faida bado haujawa kitu cha kutajika, na watunzi wameelezwa hivyo kwa karatasi yenye kila risiti.

Diwani ya pili imeanza kukusanywa. Safari hii fomu zinatiwa saini siku ambayo shairi linasomwa barazani, hakuna mgeni rasmi, na tutachapa nakala 200. Za kwanza zimebaki chache nyumbani kwangu, na kumi na mbili ziko katika duka moja la mjini ambalo halijatulipa chochote. Kila ninapopita huambiwa kwamba nimemkosa mwenye duka kidogo tu, ametoka kwenda kuswali, hata nikipita saa nne asubuhi.